Jumamosi Nafunga Nambis

Siku ya mnada, Katesh haina mwenyewe. Vumbi lilikuwa limepanda hadi kwenye mabati, mbuzi wanalia, wauza mitumba wanalia kuwashinda mbuzi, na moshi wa nyama choma umetanda juu ya vichwa vya watu ukiwatia njaa hata walioshiba. Mahali ambapo kwa kawaida hukaa muuza masufuria, siku hiyo palisimama hema la bluu lenye spika mbili kubwa. Spika zilikuwa zinapayuka bila kupumzika: "Faiba! Faiba Katesh! Intaneti ya nyumbani yenye kasi! Hivi karibuni mtaani kwako!"

Hilaria Margwe alikuwa amekuja kununua vitunguu saumu na kandambili za mama yake. Alivaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa vizuri kiunoni, na juu yake sweta jeusi, maana upepo unaoshuka kutoka mlima Hanang haumwonei mrembo huruma. Aliposikia neno faiba, vitunguu vilimtoka akilini. Alipenya katikati ya watu, akapita nyuma ya mtu anayeburuta kondoo, mpaka akafika mbele ya hema. Hapo alimkuta kijana mmoja juu ya ngazi akifunga bango.

"Kaka, samahani," alisema Hilaria. "Hiyo hivi karibuni yenu ni lini?"

Kijana alitazama chini. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kumeremeta, na buti zake zilikuwa zimekula matope ya Mbulu na ya Hanang kwa pamoja.

"Hivi karibuni ni jirani yake keshokutwa," alijibu.

"Wanakaa mtaa gani hao? Niwafuate."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Kijana akateremka ngazini, akajifuta mikono kwenye suruali, akamtazama vizuri yule aliyemchekesha.

"Unaitwa nani, dada?"

"Naitwa mteja. Nataka tarehe."

"Mimi naitwa Baltazar. Tarehe sina."

"Sasa mnatangaza nini?"

"Inayotangaza ni spika. Mimi ni fundi. Fundi akikupa tarehe asiyoijua, huyo amekuwa mpiga ramli."

Hilaria alimtazama upya. Tangu mwaka uanze alikuwa ameuliza swali hilo hilo kwa kila mtu. Kwenye simu ya kampuni aliambiwa wiki ijayo, ofisini kwao akaambiwa mwisho wa mwezi, na wakala wao wa stendi alimwapia kabisa. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia hajui, na jambo hilo lilimpendeza kuliko tarehe zote alizowahi kupewa.

"Unaitakia nini kwa haraka hivyo?" aliuliza Baltazar. "Tamthilia?"

"Kazi. Nafanya kazi ya ofisi ya Arusha nikiwa nyumbani. Wananitumia sauti za mikutano, mimi nasikiliza na kuandika. Sasa kuanzia Julai wanataka tuandike mkutano ukiwa unaendelea, mtu anaongea huku maneno yanatokea. Intaneti yangu ni ile ya antena juu ya bati. Mlima ukijifunika mawingu, nayo inajifunika."

"Na faiba isipofika kabla ya Julai?"

"Nahamia Arusha, nikakae ofisini kwao."

"Shida ya Arusha ni nini? Wenzako wanapakimbilia."

"Arusha haina mama yangu."

Akamweleza kwa kifupi, bila kujua kwa nini anamweleza mtu wa ngazi mambo ya nyumbani kwake. Mama yake, Bernadina, alianguka akaumia nyonga, na sasa anatembelea fimbo. Kuhama hataki hata kusikia. Tangu Desemba ile matope yaliposhuka kutoka mlimani yakachukua majirani na kuwaacha wao, mama hupokea kila kitu kwa shukrani, mpaka chumvi ikikolea kwenye mboga hushukuru. Akiambiwa habari za Arusha husema, "Mungu aliyenibakiza hapa alijua ananibakiza wapi."

Baltazar alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akatoa simu.

"Nipe namba. Siku nitakayoijua tarehe, utakuwa mtu wa kwanza. Ila tarehe ya kukufurahisha tu sitakupa."

Walipeana. Jioni ile, alipokuwa akiihifadhi namba ya Baltazar, hakuandika jina lake. Aliandika "Hivi Karibuni", akacheka peke yake, na ndipo alipokumbuka kwamba vitunguu saumu hakununua.

*

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na yale yalianza kukohoa mapema. Kwanza Baltazar alikuja kuitazama antena ya juu ya bati, kazi ambayo haikuwa yake. Akaja tena kuikaza. Mara ya tatu hakukuwa na cha kukaza, akaja hivyo hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Antena imeharibika tena?"

"Hapana, mama. Nimepita kuwasalimia."

"Ahsante Mungu," alisema mama Bernadina, akamkaribisha maziwa ya mgando. "Mgeni asiyekuja na shida ni baraka."

Siku ambazo hakuja, alipiga simu. Skrini ikiwaka "Hivi Karibuni", Hilaria huvua visikizio vya kazini, hujitengeneza nywele kana kwamba simu ina macho, ndipo hupokea.

"Haloo, Hivi Karibuni."

"Haloo, mteja wangu."

"Lini?"

"Bado."

"Bado ya leo ni kubwa au ndogo?"

"Ya leo ni ndogo kidogo. Nguzo zimefika Gitting."

"Basi nguzo zina mbio kukushinda. Wewe tangu Jumapili hujafika hapa."

"Nguzo zinabebwa na lori, mrembo. Mimi nabebwa na hamu tu."

Jioni moja Hilaria alimsindikiza mpaka kwenye kona ya barabara. Mlima ulikuwa umejifunua wote, na chini yake taa za Katesh zilikuwa zinaanza kuwaka. Baltazar alisimama, akachezea kofia yake ngumu mikononi.

"Nikikuambia kwamba nakupenda, utaniuliza lini?"

"Nitakuuliza tangu lini."

"Tangu uliposema Arusha haina mama yako."

Hilaria aliangalia pembeni ili Baltazar asimwone anavyotabasamu, lakini alimwona. Alirudi nyumbani moyo umemjaa, akamkuta mama amekaa na rozari, akaketi karibu naye wakasali wote. Hakuomba kitu. Alishukuru tu.

Baltazar alipenda kumsikia akieleza kazi yake. Sauti za mikutano zina matatizo yake, mara mtu anakohoa, mara kiti kinaburutwa, na neno linapotea. Hapo mwandishi haruhusiwi kubahatisha. Bosi wake wa Arusha, Madam Sara, alikuwa amewaambia wote siku ya kwanza: penye pengo andika "haisikiki", na kama mwenyewe aliyesema yupo, muulize. Pengo la mtu usilijaze kwa maneno yako.

"Hata kama unajua kabisa alichotaka kusema?" aliuliza Baltazar.

"Hapo ndipo hatari ilipo. Ukidhani unajua, unaandika ya moyoni mwako."

"Ahsante, mwalimu," alisema Baltazar, akamvuta sikio kidogo.

Hilaria alisema maneno hayo kwa kinywa chake mwenyewe. Msomaji ayaweke akilini, maana yeye hakuyaweka.

*

Mwezi Juni ulipoanza, kampuni ilimpeleka Baltazar na wenzake upande wa Mbulu, kata ya Nambis. Simu zikawa chache. Katesh kukawa na baridi ya kutetemesha meno, na mlima ukavaa mawingu usiyavue. Madam Sara alikuwa amepiga kuuliza mara mbili: "Hilaria, intaneti vipi? Nikuwekee meza huku?" Naye alijibu, "Nivumilie kidogo, madam." Kila jibu lilikuwa linamwishia mdomoni.

Mchana mmoja skrini iliwaka. Ilikuwa WhatsApp.

"Haloo, Hivi Karibuni!"

"Hilaria! Dakika zimeisha, nimebaki na MB tu, ndiyo maana..." Sauti ikazama, ikaibuka. "...Jumamosi nafunga..." Ikazama tena. Hilaria alisogea dirishani, akapanda juu ya kitanda. "...Brightness. Baba yake alikuwa hataki... sasa amekubali. Nilitaka nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu..."

"Baltazar? Unasema?"

"...usini... tena..."

Kisha kimya. Kiduara kilizunguka kwenye skrini, kikazunguka, kikakata tamaa.

Hilaria alibaki amesimama juu ya kitanda. Jumamosi nafunga. Brightness. Baba yake amekubali. Nilitaka nikuambie mwenyewe. Na lile la mwisho alilimalizia yeye: usinisubiri tena. Kila neno lilikaa mahali pake vizuri mno. Akashuka na kwenda nyumba ya pili kwa Restituta, mwenye saluni, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usiolala.

"Dada Resti, Baltazar anafunga Jumamosi."

Restituta alikuwa anasuka mtu. "Anafunga? Kwaresima si imekwisha?"

"Ndoa, dada! Anafunga ndoa. Huko Nambis. Na Brightness."

Kitana kilimdondoka Restituta. "Brightness yupi? Yule nesi mrefu wa zahanati? Subiri, nina ndugu yangu kule." Akapiga hapo hapo, kwa laini ya kawaida isiyojali mawingu wala jua. Aliongea, akaguna, akauliza tena, akakata simu polepole. "Mdogo wangu, pole. Jumamosi kuna sherehe. Ng'ombe amenunuliwa, tarumbeta zimekodiwa. Na huyo Brightness ameshonewa gauni jipya jeupe."

Ikabidi Hilaria akae kwenye kiti cha wateja. Alikuwa mtu wa kuuliza lini, lini, lini, tangu mwaka uanze, bila kuchoka. Siku hiyo moja alipopaswa kuuliza, hakuuliza. Baltazar alikuwa anafunga Nambis, basi na yeye akafunga: aliifungia namba yake, simu na WhatsApp, "Hivi Karibuni" asimpate tena. Halafu akampigia Madam Sara.

"Madam, niwekee ile meza. Jumatatu nakuja."

Aliporudi nyumbani alimwambia mama habari ya Arusha tu, mengine akayameza. Mama Bernadina alipapasa mpini wa fimbo yake.

"Haya. Shangazi yako atakuja kukaa na mimi. Nakushukuru kwa yote uliyonifanyia, mwanangu. Nenda."

Kama mama angelia, Hilaria angeweza kustahimili. Ile shukrani ndiyo iliyomchoma.

*

Ijumaa alikaa kumalizia kazi ya mwisho ya nyumbani, mkutano wa wakulima wa mahali fulani. Mzee mmoja alikuwa anaeleza habari za mbegu, mara mvua ikapiga bati la ukumbi, na maneno yake yakafunikwa. Vidole vya Hilaria viliandika vyenyewe, kwa mazoea: haisikiki. Aliendelea na sentensi iliyofuata, kisha akasimama. Akarudi nyuma, akaliangalia lile neno.

Jumamosi nafunga, haisikiki, Brightness. Baba yake alikuwa hataki, haisikiki. Usini, haisikiki.

"Mama," aliita, sauti imepanda. "Mama, mtu akikuambia habari, na nusu yake hukuisikia..."

"Si unamwambia arudie?" alijibu mama kutoka jikoni. "Bati linapigwa na mvua kila mwaka, na hatujawahi kuacha kusalimiana. Nani amekuambia nini?"

Ndipo Hilaria akamweleza yote, akilia. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Umemuuliza?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Niliogopa jibu."

"Jibu utalibeba huko Arusha hata hivyo, afadhali ulibebe likiwa zima. Kesho nenda Nambis. Restituta atakaa na mimi, tena atalipa deni la mdomo wake."

Kupiga simu kungetosha. Lakini safari hiyo Hilaria hakutaka kitu chochote kikae kati yake na sauti ya Baltazar, wala antena, wala mawingu. Jumamosi alfajiri alivaa kitenge chake cha zambarau chenye maua ya dhahabu, hereni ndefu na viatu vya visigino. Kama ni kumlilia mwanamume, amlilie akiwa amependeza. Akaenda stendi.

*

Nambis ilimpokea kwa ukungu mwembamba na tarumbeta. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamepanda na kushuka vilima mpaka macho yachoke, na mbele ya zahanati palikuwa na turubai, masufuria makubwa, na wazee waliojifunika mablanketi wakinywa chai. Hilaria alikanyaga nyasi za umande na visigino vyake vikawa vinazama. Kitu cha kwanza alichokiona ni gauni jeupe.

Mwenye gauni alikuwa amempa mgongo, mrefu, amenyooka, amezungukwa na wanawake wanaomsifia. Hilaria alitaka kugeuka. Miguu ilikuwa imeshageuka kidogo. Kisha yule mwanamke akamwelekea, na Hilaria akaona kwamba gauni lina mifuko miwili mikubwa, na saa ndogo ya nesi imebanwa kifuani. Alikuwa hajawahi kuona bibi harusi mwenye mifuko.

"Karibu, dada," alisema mwanamke huyo. "Umependeza jamani! Umetoka mbali?"

"Katesh."

"Katesh?" Macho yalimtoka. "Wewe ni Hilaria? Shemeji! Mimi Brightness. Karibu, karibu! Fundi wetu hana hadithi nyingine. Hilaria anasema hivi, Hilaria anaandika vile. Juzi amehangaika na simu, anasema Katesh kuna mawingu, hupatikani."

"Yuko wapi?"

Brightness alinyoosha kidole juu. Pembeni ya zahanati, ukingoni mwa shamba la mahindi, palikuwa na nguzo mpya, na juu ya nguzo palikuwa na buti alizozifahamu, mkanda wa fundi, na kizibao cha rangi ya chungwa.

"Hilaria!" Sauti ilitoka huko juu, nzima, bila kukatika hata silabi. "Usisogee, kuna waya! Nakuja!"

Alishuka mbiombio, akasimama mbele yake akihema, uso wote meno.

"Umekuja kuona kazi!"

"Nimekuja kuona harusi."

"Ya nani?"

"Yako."

Baltazar aliangalia nyuma yake, kama kuna Baltazar mwingine. "Mimi?"

"Ulinipigia ukasema Jumamosi unafunga."

"Si ndiyo nafunga?" Akaonyesha nguzo. "Nafunga intaneti, zahanati ya kina Brightness. Nilikuambia."

"Mimi nilisikia nafunga. Halafu Brightness. Halafu baba yake alikuwa hataki, sasa amekubali!"

"Amekubali nguzo!" Baltazar alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nguzo, Hilaria! Ilibidi ipite shambani kwake, naye alikuwa hataki kwa sababu ng'ombe wake wa kulimia wanageukia pale!"

Brightness alicheka mpaka akashika mti wa turubai. Wazee waliuliza kuna nini, wakaelezwa, kicheko kikazunguka na chai. Baba yake Brightness, mzee Bura, alisimama na blanketi lake, akasubiri watu wanyamaze.

"Shikamoo, baba," alisema Hilaria, uso ukimwaka.

"Marahaba, binti. Nguzo nimetoa, ni kweli. Sasa nesi wetu ataweza kumwonyesha daktari wa Mbulu mgonjwa bila kumbeba mgonjwa, na ndiyo maana tumechinja, tunashukuru. Lakini binti yangu sijamtoa kwa fundi. Ana mchumba wake, mwalimu, yuko Dongobesh." Akakaa, akaongezewa chai.

Hilaria na Baltazar walisogea kando, kwenye ukingo wa mahindi. Pale kicheko kilimwisha Hilaria, machozi yakachukua zamu.

"Nimekufungia namba," alisema.

"Kumbe! Mimi nikajua ni mawingu ya Hanang. Kila siku nayalaumu."

"Hata kuniwazia vibaya hukuniwazia?"

"Ningekuwaziaje vibaya? Intaneti yako naijua."

"Baltazar, nisamehe. Nilijaza pengo."

"Wewe? Mwalimu wa haisikiki?" Alitaka kumtania zaidi, akaona uso wake, akaacha. Akavua glovu, akamfuta machozi kwa nyuma ya kiganja. "Umetoka Katesh kwa visigino kuja kuniuliza. Kuna watu wangekaa na hasira yao mpaka wazeeke. Ahsante kwa kuja, mpenzi."

"Ahsante wewe, kwa kutofunga."

Wakacheka pamoja, vipaji vya nyuso vikigusana.

"Sasa sikiliza yale mengine yasiyosikika," alisema Baltazar. "Nilisema usiniulize tena lini. Nilitaka nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Tukimaliza hapa tunakuja mtaani kwenu. Jumatano."

"Jumatano ipi?"

"Hii inayokuja."

"Hiyo ni tarehe?"

"Hiyo ni tarehe. Umewahi kunisikia nikitoa nyingine?"

Hajawahi, na ndiyo maana Hilaria aliamini hapo hapo. Alipanda kwenye kilima kidogo penye mtandao, akampigia Madam Sara. Bosi alinung'unika kidogo juu ya meza aliyokwisha kuihamishia dirishani, kisha akasema haya, nitakupa mpaka Julai, na Mungu akubariki na faiba yako. Hilaria aliifungulia namba ya Baltazar, akala pilau la zahanati, akacheza tarumbeta bila viatu.

*

Jumatano mama Bernadina aliamka akavaa kanga mpya, kama siku ya sikukuu. Waya ulivutwa kutoka nguzo ya kona, ukapita juu ya barabara nyembamba, ukaingia kwa tundu dogo pembeni ya dirisha. Kiboksi cheupe kikawekwa juu ya kabati, na taa zake zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine. Restituta, aliyekuja kuomba radhi na kubaki kuangalia, alipiga vigelegele taa ya mwisho ilipogeuka kijani.

"Tumshukuru Mungu kwa waya," alisema mama, akafanya ishara ya msalaba. "Na kwa aliyeuleta. Na kwa mwanangu ambaye meza yake itabaki hapa."

Fundi hakuwepo chumbani. Alikuwa amerudi juu ya nguzo kumalizia, na kutoka dirishani Hilaria aliona kizibao cha chungwa na nyuma yake mlima, umejifunika mawingu kama kawaida. Simu iliwaka. WhatsApp. Hivi Karibuni.

"Haloo, Hivi Karibuni."

"Haloo, mteja wangu. Hii ni simu ya majaribio. Unanisikia?"

"Nakusikia. Nasikia mpaka upepo wa huko juu."

"Hakuna neno linalokatika?"

"Hakuna."

"Mama yupo karibu?"

"Yupo."

"Weka sauti kubwa. Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu!" alijibu mama Bernadina kwa nguvu zote, kama mtu anayemwita aliye ng'ambo ya bonde.

"Basi nisikilizeni, maana safari hii sitaki mtu ajaze pengo lolote." Sauti ya Baltazar ilitetemeka kidogo, na mtetemo wenyewe ulifika mzima. "Mimi, Baltazar Nicodemo, nataka kufunga ndoa. Narudia, ndoa. Na wewe, Hilaria Margwe, na mwingine hapana. Hapa hapa Katesh, mama akiwa amekaa benchi la mbele na fimbo yake. Wazee wangu wako tayari kuja kuongea na wajomba zako. Ukitaka kuniuliza lini, tarehe safari hii utaitoa wewe."

Restituta alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, jambo ambalo mtaa haujawahi kuliona. Mama Bernadina alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anashukuru tena. Hilaria alishika fremu ya dirisha. Huko juu ya nguzo, yule mtu wa chungwa alikuwa amegeukia nyumba, simu sikioni, hatikisiki.

"Hilaria? Hilaria? Imekatika? Haisikiki?"

"Inasikika," alisema Hilaria, machozi yanamfika kidevuni na hana haja ya kuyafuta. "Neno kwa neno. Rudia tu, Baltazar. Nataka niisikie tena kabla sijasema ndiyo."